Lango la Kufulia, Greenock

Seonaid, mtu wa visiwani, ndiye aliyenifundisha neno hilo
tukikunja mashuka ya wodi ya saba, yeye pembe mbili, mimi mbili:
sluagh-ghairm. Sluagh ni jeshi. Ghairm ni mwito.
Waingereza wakalikata mkia, wakalilainisha,
leo linauza sabuni.

Zamani, akasema, hawakupoteza pumzi kumtukana adui.
Walitaja jina la kilima chao, au la ziwa,
katikati ya moshi,
ili aliyepotea ajue wenzake wako upande gani.
Basi ni anwani, nikamwambia.
Akacheka. Ndiyo, anwani yenye damu.

Mimi ni wa Liwale. Kwetu mwito haukuwa kilima.
Bibi wa bibi yangu alimfunga mumewe mabua ya mtama kichwani,
akamnyunyizia, akamtazama akiteremka
na neno moja mdomoni, mara mbili: Maji! Maji!
Risasi hazikuyeyuka. Hilo sitalipamba.
Ukoo wetu una kaburi lisilo na mtu
na njaa isiyotajwa wakati wa kula.
Lakini neno lile lilitembea kwa miguu
kutoka Umatumbi mpaka Ungoni,
na watu waliokuwa wakiibiana mbuzi
wakatambuana gizani kwa silabi mbili.
Ni hasara au ni faida?
Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi, haijawahi kutoka sawa.

Siku ya nne ya mgomo. Februari, mvua ya kulala ubavu.
Fergus wa chama cha wafanyakazi ana karatasi ya vibwagizo
iliyochapwa ofisini Glasgow, vyote vina vina.
Tunataka nini? Mshahara. Lini? Sasa.
Tuliitikia kama watoto wanaokariri jedwali la saba.
"Somoe," akasema, "anzisha wewe."
Akanipa kipaza sauti, baridi kama samaki.

Nikakitafuta Kiingereza, kimetoka matembezini.
"Haki" ikapanda hadi kooni, ikakwama:
niliwahi kulipwa khanga moja na kilo mbili za mchele
niipaze haki hiyo nyuma ya lori la kampeni,
kwa ajili ya mtu ambaye mwezi uliofuata
alipandisha kioo cha gari aliponiona.

Likatoka lingine. Sikulichagua.
Labda ni mvua. Labda ni miaka kumi na miwili
ya kusimama mbele ya mashine za nyuzi sitini.
Maji!

Kimya.
Halafu Isobel wa pasi akashika mdomo.
Halafu akaitika, sauti imepasuka katikati: Madgie!
Na wengine, na wengine, lango zima: Madgie! Madgie!

Madgie Rennie. Miaka thelathini na mmoja kwenye mapipa ya dawa ya kung'arishia,
mapafu yake yakang'arishwa pamoja na foronya.
Tulimzika Novemba. Wakubwa walileta kadi,
jina wamelikosea herufi.

Walidhani namwita yeye.
Sikuwasahihisha. Nilipaza tena,
na safari hii hata mimi sikujua namwita nani.
Ghorofa ya pili, mkono ukashusha pazia.

Usiku Seonaid alinipigia simu.
Nilikuficha nusu, akasema. Sluagh ni jeshi,
lakini pia ni jeshi la waliokufa;
huja kutoka magharibi, kama kundi la ndege,
na bibi yangu alifunga madirisha ya upande huo.
Nikamuuliza, mbona hukuniambia?
Akasema, tulikuwa tunakunja mashuka ya wagonjwa, Somoe.

Tulipata peni arobaini kwa saa.
Feni za kutoa mvuke hatukupata.
Fergus ameliandika neno letu kwenye bango, amelikosea herufi naye.

Jumatatu nikafungua bomba la mashine ya tatu, ile yake.
Kwanza bomba likakohoa.
Nikasubiri, mkono juu ya chuma,
mpaka likamaliza.